Jifunze Kusoma Karatasi Yako ya Miwani

Ukimaliza kupimwa macho unapewa karatasi. Ina vifupisho vya Kiingereza na Kilatini, namba zenye desimali, alama za kutoa na kujumlisha, na saini iliyopigwa harakaharaka. Wengi wetu tunaipokea, tunaikunja, tunaipeleka duka la miwani, na hatuioni tena. Kuanzia hapo macho yetu yamo mikononi mwa watu wengine: mmoja aliandika, mwingine anasoma, wa tatu anakata kioo. Sisi tunaolipa ndio pekee tusiojua kilichoandikwa.

Maneno yenyewe si mengi, na mtu aliyemaliza darasa la saba anaweza kuyamudu. Naamini karatasi hiyo ni mali ya mwenye macho. Anayeielewa hauziwi miwani isiyo yake, hanywi wala hajidondoshei dawa asiyojua kazi yake, na hachelewi kurudi hospitali pale ugonjwa unapoanza kumpokonya nuru kimyakimya.

Kwanza uwe nayo

Kwenye vibao vya kliniki na maduka utakutana na majina matatu yanayokaribiana: ophthalmologist, optometrist na optician. Wa kwanza ni daktari bingwa wa macho. Amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea kwenye macho, na ndiye anayefanya upasuaji. Wa pili amesomea kupima uwezo wa kuona na kuandika miwani. Akiona dalili ya ugonjwa anakupeleka kwa bingwa. Wa tatu anatengeneza na kuuza miwani kwa kufuata karatasi iliyoandikwa na wenzake. Katika hospitali nyingi za wilaya na kaunti, anayekupokea anaweza kuwa muuguzi au ofisa tabibu aliyeongeza masomo ya macho. Usimdharau. Nchini Kenya wapo maofisa tabibu wa namna hiyo waliofunzwa hata kuondoa mtoto wa jicho.

Duka linalopima bure linategemea kukuuzia fremu, na hakuna ubaya katika hilo mradi kipimo kimefanywa na mwenye ujuzi. Ubaya ni pale unapotoka na miwani bila karatasi. Sema tu, kwa heshima: "Naomba karatasi yangu ya vipimo, nataka kuitunza." Ipige picha kwa simu papo hapo. Mwaka kesho utakapopimwa tena, namba za zamani ndizo zitakazoonyesha kama macho yamebadilika na kwa kiasi gani. Hakikisha karatasi ina jina lako, tarehe, na jina la aliyepima.

Ile 6/6

Mahali palipoandikwa VA ndipo penye uwezo wako wa kuona. Kipimo hiki kinatokana na ubao wa herufi uliobuniwa na daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Namba ya kwanza ni umbali uliokaa kutoka kwenye ubao, yaani mita 6. Ya pili ni umbali ambao mwenye macho mazima angeweza kuisoma herufi ileile. Kwa hiyo 6/60 maana yake herufi anayoisoma mwenzako akiwa mita 60, wewe unahitaji kuisogelea hadi mita 6. Wamarekani hutumia futi, ndiyo maana ukipata ripoti kutoka huko utaona 20/20. Ni kitu kilekile na 6/6.

Hii si asilimia. Mtu mwenye 6/12 hajapoteza nusu ya macho. Anaweza kufanya shughuli nyingi bila shida, ingawa ubao wa darasani au kibao cha basi kwa mbali kitamsumbua. Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu uoni hafifu pale jicho linaposhindwa kufikia 6/12, na huita upofu pale linaposhindwa kufikia 3/60. Asiyejua kusoma hupimwa kwa ubao wa herufi E zilizogeuzwa pande tofauti, naye anaonyesha kwa mkono upande zilipoelekea. Mama au baba yako asikatae kwenda kupimwa kwa sababu ya kuona aibu kwamba hakusoma.

Jicho likiwa halioni hata herufi kubwa kuliko zote, huandikwa CF: anahesabu vidole. Likishindwa hapo ni HM, anaona mkono ukipunga. Kisha PL, anaona mwanga tu, na NPL, haoni hata mwanga. Ukiona mojawapo ya hizi kwenye karatasi ya mzazi wako, swali la kuuliza si bei ya miwani. Uliza ni ugonjwa gani.

Kuna herufi mbili nyingine ambazo wagonjwa hawazitilii maanani, nazo zina thamani kubwa sana: PH. Ni kipimo cha kuchungulia kwenye kitundu kidogo. Kitundu huchuja mwanga ubaki ule ulionyooka, kwa hiyo kama tatizo lako ni la miwani, utaona vizuri zaidi ukichungulia. Kama hakuna nafuu yoyote, huenda kasoro ni ya jicho lenyewe na inatakiwa itafutwe. Unaweza kujijaribu nyumbani: toboa kadi ngumu kwa ncha ya pini, ziba jicho moja, tazama maandishi ya mbali kupitia kitundu, kisha badili jicho. Jaribio hili halichukui nafasi ya kupimwa, lakini linakupa cha kumweleza daktari.

Kutoa na kujumlisha

Sasa tusome karatasi yenyewe. Chukua mfano huu:

RE: −1.50 / −0.75 × 180, 6/6
LE: −2.00 DS, 6/6
Add +1.75
PD 62

RE ni jicho la kulia, LE la kushoto. Wengine huandika R na L. Wengine hutumia Kilatini: OD kwa la kulia, OS kwa la kushoto, OU kwa yote mawili. Kulia na kushoto ni kwako wewe mvaaji, si kwa anayekutazama.

Namba ya kwanza baada ya jicho huitwa Sph. Hiyo ndiyo nguvu kuu ya kioo, na hupimwa kwa diopta. Alama ya kutoa ni ya mtu asiyeona vizuri mbali: mara nyingi jicho lake ni refu kidogo kuliko kawaida, hivyo taswira inatua kabla ya kufika kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Alama ya kujumlisha ni kinyume chake: jicho ni fupi, taswira ingetua nyuma ya retina, na mtu huyu huchoka hasa anapotazama vitu vya karibu. Neno Plano, au 0.00, lina maana kwamba kioo cha jicho hilo hakihitaji nguvu. DS, kama kwenye jicho la kushoto hapo juu, ni kusema hakuna kingine cha kuongeza zaidi ya hiyo Sph.

Ipo hesabu ndogo inayowafaa wenye alama ya kutoa. Gawanya 100 kwa namba yako, utapata kwa sentimita umbali ambao macho yako yanaona sawasawa bila miwani. Mwenye −1.00 anaona vizuri hadi mita moja. Mwenye −2.00, sentimita 50. Mwenye −4.00, sentimita 25, kisha kila kitu kinaingia ukungu. Ukiipiga hesabu hii kwa namba za mtoto wako utaelewa kwa nini anasogeza daftari hadi puani, na huenda ukaacha kumgombeza.

Vioo huongezeka kwa robo robo: 0.25, 0.50, 0.75. Wapimaji wawili waangalifu wanaweza kutofautiana robo moja kwa jicho lilelile, kwa hiyo usishtuke ukiona hivyo. Tofauti ya diopta nzima ndani ya miezi michache ni jambo jingine. Rudi uulize. Na kama una kisukari ambacho hakijatulia, mwambie mpimaji kabla hajaanza, maana sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya ndani ya jicho nayo hubadilika, na unaweza kutengenezewa miwani itakayokufaa wiki mbili tu. Tuliza sukari kwanza, ndipo upime.

Cyl na Axis

Jicho la kulia kwenye mfano wetu lina namba ya pili, −0.75, na ya tatu, 180. Ya pili huitwa Cyl. Inaandikwa pale ambapo konea, kioo cha mbele cha jicho, haikupinda sawasawa pande zote. Imekaa kama yai badala ya mpira. Madaktari huiita astigmatism. Mwenye hali hiyo huona mistari ya upande mmoja imekolea na ya upande mwingine imetanda, huchanganya 8 na 3, na taa za magari usiku humtawanyikia. Axis ni pembe, kuanzia 1 hadi 180, inayoonyesha kioo kigeuzwe kuelekea wapi. Kadiri Cyl inavyokuwa kubwa ndivyo kosa dogo la pembe linavyoumiza kichwa. Ukiona karatasi ina Cyl lakini haina Axis, irudishe. Haijakamilika, na fundi asikisie.

Hapa pana jambo linalowagombanisha watu na maduka bure. Unaweza kupimwa sehemu mbili, ukapewa karatasi mbili zenye namba tofauti kabisa, kumbe miwani ni ileile. Sababu ni kwamba Cyl inaweza kuandikwa kwa kutoa au kwa kujumlisha. Ukitaka kuhakiki, fanya hivi: jumlisha Sph na Cyl, upate Sph mpya, geuza alama ya Cyl, kisha pembe iongeze 90 kama haizidi 90, au ipunguze 90 kama imezidi. Mathalani −1.00 / −0.50 × 180 inakuwa −1.50 / +0.50 × 90. Namba zimegeuka, kioo hakijabadilika hata kidogo. Kabla ya kumtuhumu mpimaji kwamba amekosea, piga hesabu hiyo.

Add, na wenye umri wa miaka 40

Hapa ndipo ningependa kila mtu mzima asome polepole. Lenzi iliyo ndani ya jicho huwa laini utotoni na hugeuka umbo kirahisi ili tuone karibu. Inazidi kuwa ngumu mwaka hadi mwaka, na mtu anapogonga miaka 40 hivi anaanza kunyoosha mkono ili asome ujumbe wa simu. Si ugonjwa. Ni jambo linalompata kila binadamu, aliyesoma na asiyesoma, hata yule ambaye maisha yake yote alikuwa na 6/6. Add ni nguvu inayoongezwa kwa ajili ya kuona karibu, na sikuzote ni ya kujumlisha.

Kwenye mfano wetu jicho la kulia ni −1.50 kwa mbali. Ukiongeza +1.75 unapata +0.25 kwa kusomea. Ndiyo sababu mtu mwenye kutoa ndogo akifika umri huo huvua miwani ili asome, na watu hudhani macho yake yamepona.

Kama macho yako mawili yanalingana, huna Cyl, na mbali unaona vizuri, miwani ya kusomea iliyokwisha kutengenezwa, ile inayouzwa imepangwa kwenye kadi yenye namba, inatosha. Wanaoanza, miaka 40 na kitu, +1.00 mara nyingi inawafaa. Karibu na 50 ni +1.50 hadi +2.00. Baada ya hapo +2.50. Chagua ile ndogo kuliko zote inayokuwezesha kusoma maandishi madogo kwa umbali wako wa kazi. Fundi cherehani na mpanga herufi hawana umbali sawa na dereva anayesoma risiti. Na ondoa ile hofu kwamba miwani itaharibu macho au yatazoea. Kwa mtu mzima, lenzi itaendelea kuwa ngumu uvae usivae. Kutovaa kunakuongezea uchovu tu.

Wapo wanaoona kusoma ndiyo shughuli pekee ya macho ya karibu, kwa hiyo mkulima au mchambua mchele hana haja. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanywa Assam, India, kwa wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya karibu waliongeza kiasi cha chai wanachochuma kwa asilimia 21.7 ukilinganisha na wenzao. Kuchuma chai, kushona na kusuka ukili, kutengeneza simu, kupachika shanga, kutoa mchanga kwenye dengu: yote ni macho ya karibu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria watu milioni 826 duniani wanaoishi na tatizo hili la kuona karibu bila kutatuliwa, na dawa yake ni kioo kimoja cha bei nafuu. Kwangu hiyo ni dhuluma, na tunaweza kuipunguza kwa kumnunulia mama aliyetulea miwani ya kusomea.

Onyo moja tu. Miwani ya kadi haipimi ugonjwa. Ukiinunua barabarani, bado nenda ukapimwe macho kamili angalau mara moja ukishafika 40.

Unapoichukua dukani

PD 62 ni umbali kati ya mboni zako mbili, kwa milimita. Watu wazima wengi wapo kati ya 54 na 74. Kitovu cha kila kioo kinapaswa kukaa mbele ya mboni yake, na fundi akiweka pengine, utasikia macho yanavutwa hata kama namba zote ni sahihi. Kwa namba kubwa, na kwa ile miwani inayobadilika nguvu taratibu kutoka juu hadi chini, yaani progressive, kipimo hiki hakina mzaha. Wapimaji wengi hawakiandiki. Waombe.

Kuna njia ya kuhakiki alama ya kioo bila mashine. Shika miwani mbali kidogo na uso, tazama kupitia kioo kimoja mstari uliosimama wima kama ukingo wa mlango, kisha sogeza miwani kushoto na kulia. Ukingo ukikimbilia upande uleule unaosogeza, kioo ni cha kutoa. Ukikimbia upande wa pili, ni cha kujumlisha. Usipotikisika, hakina nguvu. Ukiizungusha miwani taratibu na mstari ukapinda kama mkasi unaofunguka, ndani yake kuna Cyl. Kwa njia hiyo utajua kama vioo vya kulia na kushoto vimebadilishana, au kama umeuziwa kioo kitupu. Ukiwa na shaka, duka lolote lenye mashine ya kusoma lenzi linaweza kukupimia kwa dakika mbili.

Kuhusu nyongeza unazoshawishiwa kununua: kinga ya miale ya jua iliyoandikwa UV400 ni nzuri, na mipako ya kuzuia mng'ao huwasaidia wanaoendesha usiku. Vioo vinavyogeuka rangi juani ni starehe, chagua mwenyewe. Ila vile vinavyoitwa blue cut, vinavyouzwa kwa watu wa kompyuta na simu, okoa pesa yako. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2023 hayakuona kwamba vinapunguza uchovu wa macho kuliko vioo vya kawaida. Uchovu wa skrini hutokana zaidi na kutopepesa na kukodoa kwa muda mrefu. Pumzisha macho kwa kutazama mbali kila baada ya dakika 20 hivi.

OD nyingine, na karatasi ya dawa

Kwenye karatasi ya miwani OD ni jicho la kulia. Kwenye karatasi ya dawa, hospitali zetu nyingi huandika OD zikimaanisha mara moja kwa siku. BD ni mara mbili, TDS mara tatu, QID mara nne. Ukiona OD kwenye dawa ya matone, usikisie: "Daktari, hapa umesema jicho la kulia au mara moja kwa siku?" Hakuna daktari mwema atakayekasirika.

Tone moja linatosha. Jicho haliwezi kubeba mawili, la pili humwagikia shavuni. Ukishadondosha, fumba na ubonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa isishuke kooni na kuingia mwilini. Kama ni dawa mbili tofauti, pumzika dakika 5 katikati.

Soma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye kichupa. Ukiona dexamethasone, betamethasone au prednisolone, hiyo ina steroidi. Ni dawa nzuri mkononi mwa daktari, na inaondoa wekundu na muwasho haraka mno, ndiyo maana watu hurudi dukani kununua chupa ya pili na ya tatu bila kuandikiwa. Ikitumika kwa muda mrefu bila usimamizi hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Wanaoumia zaidi ni watoto wenye mzio wa macho, wanaofikicha macho mwaka mzima na kununuliwa kichupa kilekile kila mwezi. Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na mikoa mingine ya Tanzania, watu walijiwekea kila walichoambiwa na jirani. Ugonjwa ule ulikuwa wa virusi; wengi hupona wenyewe kwa usafi na subira.

Ukiona timolol, na una pumu, mwambie daktari kabla ya tone la kwanza. Dawa hiyo inaweza kukubana kifua hata ikiwekwa jichoni.

Majina ya magonjwa utakayoyakuta

Cataract ni mtoto wa jicho: lenzi ya ndani imeingia ukungu. Hakuna matone wala mitishamba inayoiondoa. Upasuaji unatoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia, na hospitali zenye vitengo vikubwa vya macho, kama CCBRT ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na ile ya Kikuyu nchini Kenya, huufanya kama kazi ya kawaida. Baada ya hapo karatasi itaandikwa IOL, yaani lenzi ya bandia imo. Pterygium ni ile nyama inayoota kutoka weupe wa jicho kuelekea mboni, inayowapata sana wanaoshinda juani na kwenye vumbi. Trachoma ndiyo trakoma, ambayo wengi huiita vikope. DR ni madhara ya kisukari kwenye retina, na mwenye kisukari anatakiwa kuchunguzwa retina kila mwaka hata kama anaona vizuri. Siku hiyo utawekewa matone ya kupanua mboni. Kwa saa kadhaa utaona ukungu na jua litakuchoma, kwa hiyo usiendeshe, nenda na mtu.

Neno la kuogopa kuliko yote hapo ni glaucoma, presha ya macho. Si ile presha ya damu unayopimwa mkononi. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine. Mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo hufa polepole, uoni hupotea kuanzia pembeni, na katikati hubaki safi hadi mwisho. Mgonjwa anaweza kusoma 6/6 huku pembeni kumeshazima. Kwa mwenye asili ya Kiafrika ugonjwa huja mapema zaidi na kwa ukali zaidi, na hutembea kwenye familia. Tafuta kwenye karatasi herufi IOP: kawaida ni kati ya 10 na 21. Tafuta pia CDR, namba inayoeleza hali ya kichwa cha mshipa ule. Ikiwa 0.7 au zaidi, au macho mawili yakitofautiana sana, uliza maana yake. Presha ya kawaida peke yake haikupi kinga, kwa kuwa wapo wanaougua wakiwa na 18. Kilichokwisha kufa hakirudi. Matone yanalinda kilichobaki, na yanatakiwa kila siku, maisha yote, hata usipohisi nafuu yoyote. Wengi wanaacha wakisema dawa haifanyi kazi kwa kuwa hawaoni tofauti. Kutoona tofauti ndiyo kazi yake. Kama baba, mama au ndugu yako wa tumbo moja ana glaucoma, kapimwe mwaka huu.

Kwa mtoto, neno la kutafuta ni amblyopia, jicho vivu. Ubongo unalizoea jicho moja na kulipuuza la pili, mara nyingi kwa sababu ya makengeza au kwa kuwa jicho moja lina namba kubwa. Likigunduliwa mapema, miwani na kuziba jicho linaloona vizuri kwa saa chache kwa siku hulirudisha kazini. Akishakua, nafasi hupungua mno. Kwa hiyo mpime kabla hajaanza shule, ukiziba jicho moja baada ya jingine. Akilia au kusukuma mkono unapoziba upande mmoja tu, hiyo ni dalili.

Kuna mambo yasiyosubiri karatasi wala foleni ya miwani. Ukiona mimweko ya mwanga, vidoa vyeusi vingi vya ghafla vinavyoelea, au kivuli kama pazia kinachoshuka upande mmoja. Jicho likiuma vikali pamoja na kichefuchefu na miduara ya rangi kuzunguka taa. Nuru ikizima ghafla, hata bila maumivu. Mboni ya mtoto iking'aa nyeupe, gizani au kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera. Chokaa, saruji au kemikali ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, huku kope umezifungua, kwa dakika 15 hadi 30, ndipo ukimbie. Katika yote haya nenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyohiyo, na usiweke kitu kingine chochote jichoni njiani.